Bastola ya Ganda Refu na Risasi Sita za Ipinda

Sikiliza kwanza, wewe uliyepokea funguo za ghala kutoka mkononi mwangu. Siku ya makabidhiano ulisaini karatasi nyingi na ukahesabu kila bunduki kwa kidole, nami nilifurahi kuona huna haraka. Lakini hakuna karatasi hata moja iliyokueleza umjibu vipi raia anayesimama mlangoni akauliza, "Afande, hii ninunue au nisinunue?" Swali hilo nimeulizwa kuliko jingine lolote, na mara moja nililijibu nusu. Nataka nikueleze nusu hiyo ilitufikisha wapi. Vyeo na mishahara vimo kwenye jalada langu. Mwenye nafasi akasome huko, na asiposinzia anipigie simu.

Nilihamishiwa Kyela nikitokea Kondoa. Kwetu Kondoa bunduki ukiipaka mafuta mara moja ikae kavu kabatini, utaikuta ilivyokuwa. Kyela nilipaka mafuta Jumatatu, Alhamisi nikakuta vumbi jekundu la kutu kwenye mtutu. Mvua ya huku haikwambii kwamba imekuja. Inakaa tu, kama mgeni aliyeleta godoro lake. Wiki ya kwanza nikifungua makabati nilikuta sanduku la risasi limefukiwa ndani ya gunia la mpunga. Nikadhani kuna mtu alitaka kuziiba.

Aliyenieleza ni Mzee Lwitiko, mtunza ghala niliyekuja kumpokea. Alikuwa mwenyeji wa Ikolo, mwembamba, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Akasema watu wa hapa simu ikiingia maji huitia kwenye mchele, basi askari mmoja akaona risasi nazo zikae humo zisipate unyevu. Akauchukua mkono wangu akauzamisha ndani ya gunia.

"Unasikia nini?"

"Joto."

"Mpunga huu haujakauka, mwanangu. Unapumua. Na kinachopumua hutoa mvuke."

Tulizitoa risasi zile, na nusu yake zilikuwa na kutu ya kijani kwenye kiungo cha ganda na kichwa. Tukaziandika mbovu. Tangu siku hiyo sijamcheka mtu kwa njia yake ya kuhifadhi kitu. Namwomba kwanza mkono wake, nauzamisha.

Somo la pili lilikuja mwezi huohuo. Nilikuwa nasafisha bunduki moja ya zamani, nikachukua risasi kutoka boksi la jirani, nikaisukuma. Ikaingia, na mlango wa bunduki ukafunga bila shida. Mzee Lwitiko akaifungua, akaitoa, akaniwekea kiganjani, kitako chenye maandishi kikiangalia juu.

"Soma."

Nikasoma. Haikuwa ya bunduki ile.

"Lakini imeingia, Mzee."

"Hata mguu wa mtoto unaingia kwenye kiatu cha baba yake. Sasa mwambie akimbie."

Alikuwa mtu wa kukupa sentensi moja na kukuacha ukae nayo mpaka jioni. Mimi tabia yangu ni nyingine, na wewe unaijua: napenda kueleza, nikiona mtu haelewi naanza upya kwa mfano mwingine. Watu wengi wamenishukuru kwa tabia hiyo. Nitakueleza ilivyoniponza.

Miaka iliyofuata nilijifunza vyombo. Vernia, ile rula ya kupimia unene, ilinifundisha kwamba macho hayaoni milimita. Mizani ndogo ya dhahabu niliyoinunua kwa mchimbaji wa Chunya ilinifundisha kwamba mkono hauoni gramu. Na kile chombo cha plastiki kama nyundo, ambacho unafungia risasi ndani ukagonga kwenye gogo mpaka kichwa kitoke na baruti imwagike, kilinifundisha kwamba risasi mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na tumbo tofauti. Vyombo hivyo vitatu nimekuachia droo ya chini. Mizani usimwazime mtu anayepima kitu kingine chochote, hata akija na barua.

Kuna mara moja kiboko aliingia mashamba ya mpunga upande wa ziwani siku tatu mfululizo, askari wetu wa wanyamapori akamfikia, akavuta kifyatuo, bunduki ikalia tiki bila moto. Risasi ya zamani. Alifanya nilivyomfundisha: alishika bunduki vilevile, mtutu ukiangalia majini, akahesabu taratibu. Alipofika ishirini na kitu, ikafyatuka yenyewe. Angekuwa ameshaifungua, ingelipukia usoni. Kiboko alikimbia, na askari yule akaketi kwenye tuta akasema anataka kuhamia idara ya mifugo. Ndivyo nilivyojua kwamba kazi yetu kwa hakika ni risasi. Bunduki ni chombo cha kuibebea tu.

Sasa nije kwenye bastola.

Mama Tusekile alikuwa mjane wa bwana shamba aliyefanya kazi wilayani kwa miaka mingi. Mumewe alipofariki, bastola yake iliyokuwa na kibali ililetwa ghalani kwetu kwa maelekezo ya polisi, ihifadhiwe mpaka familia iamue. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila aibu, maana uzuri wake ulichangia kosa. Chuma cheusi kisicho na mkwaruzo, mpini wa mbao uliong'azwa na kiganja cha mtu mmoja tu. Ubavuni iliandikwa milimita tisa, lakini haikuwa tisa hii unayoijua. Ganda la risasi yake lilikuwa refu zaidi kwa milimita nne hivi. Pamoja nayo kulikuwa na boksi moja lenye risasi nne za zamani, nazo zina kutu, na maganda matupu ambayo marehemu aliyatunza kama mtu anayetunza stempu.

Mnunuzi alijitokeza bila kuitwa. Mzee Anyosisye wa Talatala, mkulima wa kokoa na mnunuzi wa kokoa za majirani. Msimu uliopita alivamiwa na majambazi mchana kweupe njia ya Ipinda, wakamvunja mfupa wa bega. Alikuja ghalani bega moja likiwa bado limeshuka, na kauli yake ilikuwa moja: "Mwaka huu sivunjwi tena." Alikuwa ameshaanza kuomba kibali kwa utaratibu wote, kuanzia kijijini. Hakuwa mtu wa njia za panya.

"Afande, bei ya mama yule ni ya kirafiki," aliniambia. "Mbona unakunja uso?"

"Kwa sababu hujaniuliza chakula chake."

"Bastola inakula?"

"Inakula kitu kimoja tu, na hakipikwi Mbeya."

Akacheka, nami nikapiga simu mbele yake. Duka la Mbeya, nilipomtajia urefu wa ganda, muuzaji aliniuliza kama napiga simu kutoka jumba la makumbusho. Duka la Dar es Salaam walikuwa wapole zaidi: wanaweza kuagiza nje kukiwa na kibali, lakini si boksi moja wala mawili, na hawaahidi mwezi. Nilimweleza Mzee Anyosisye kwamba bei ya bastola ni kiingilio tu. Mtu anayeanza anahitaji risasi nyingi za mazoezi kabla hajabeba hata moja njiani. Anayebania risasi hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi amembebea jambazi zawadi.

"Na tisa ya kawaida? Si tisa ni tisa?"

Nikamweleza habari ya kiatu cha baba. Hilo alilikubali upesi.

Kisha akauliza swali zuri, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu. "Hizi tupu, kwa nini zisijazwe tena?"

Ningesema "haiwezekani" tukaagana. Lakini si kweli kwamba haiwezekani. Nchi nyingine watu wenye bastola za namna hii hujaza wenyewe nyumbani, kwa sababu ileile, kwamba dukani hazipo. Nikavuta kiti. Nikamwonyesha kwamba ganda ndilo linalodumu, kwamba kitakoni kuna fataki, kile kiwashio cha baruti, inayobadilishwa, kwamba ndani hutiwa baruti na juu huwekwa kichwa kipya. Nikachora. Nikamwambia hesabu inaweza kumnufaisha mtu mwenye silaha adimu, maana ganda moja hutumika mara kadhaa. Nilikuwa nimesoma sana habari hizo wiki zile, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetamani. Mwishoni nikasema kwamba huku kwetu vifaa hivyo haviuzwi, na kwamba kujaza bila leseni ni kosa. Nilisema kwa sentensi moja, nikiwa nafunga daftari.

Akaomba maganda sita akamwonyeshe mtu wa duka la Mbeya, labda akiyaona atakumbuka. Mama Tusekile hakuwa na kipingamizi. Maganda matupu, nikajiambia, ni shaba tu. Nikampa, na wala sikuandika.

"Ndaga fijo, Afande," alishukuru, akayafunga kwenye leso.

Baada ya wiki tatu alirudi asubuhi, amevaa koti la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Akafungua leso ileile mezani. Zilikuwa risasi tano, kamili, zimeng'arishwa kwa jivu na ndimu.

"Fundi Gwakisa wa Ipinda," alisema kwa fahari. "Yule wa magobore. Nilimweleza kama ulivyonieleza, neno kwa neno. Fataki sijui amepata wapi, lakini mikono yake unaijua. Sasa bastola ina chakula."

Gwakisa nilimjua kweli. Alikuwa na ruhusa ya kutengeneza magobore ya wakulima yaliyoandikishwa, ya kufukuzia nguruwe na tumbili kwenye kokoa, na kazi yake ilikuwa safi. Hilo ndilo lililonitisha. Fundi mbaya ungemkataza ukasikilizwa.

Sikumgombeza. Nilitoa mizani, nikapima moja moja, nikaandika. Hakuna mbili zilizolingana. Nikachukua karatasi nyeupe tano, nikazipanga mezani, nikafungia risasi ya kwanza kwenye nyundo ya plastiki, nikagonga gogo. Baruti nyeusi ya gobore ikamwagika, lundo kubwa. Ya pili, kubwa vilevile. Ya tatu, nusu yake. Ya nne ilikuwa na rangi mbili, nyeusi na kijivu. Ya tano ilitoa kiasi cha kujaza ukucha.

Mzee Anyosisye alivua kofia.

"Tuanze na hii ndogo," nilimwambia. "Ukiivuta itasikika kama kikohozi. Kichwa kitaondoka lakini hakitatoka. Kitakwama katikati ya mtutu. Wewe una hofu, jambazi yuko mbele yako, unavuta tena. Inayofuata ni mojawapo ya hizi kubwa, na njia imezibwa."

"Mkono wangu."

"Mkono, na kilicho nyuma ya mkono."

Aliziangalia zile karatasi moja moja. Nikahesabu tena kwa macho. Tano.

"Mzee, nilikupa maganda sita."

"Moja Gwakisa amebaki nayo, ameijaza." Kisha sura yake ikabadilika. "Anataka kuijaribu. Amesema hawezi kumpa mtu kitu ambacho hakijalia mkononi mwake. Amefunga bomba kwenye jiliwa, lile banio lake la chuma. Leo, akishakula."

Tulimpigia Gwakisa simu, hakupatikana. Huwa anaizima akifua chuma, Mzee alisema. Nilikunja zile karatasi tano, kila moja na baruti yake ndani, nikazitia kwenye bahasha, nikachukua nyundo ya plastiki, na tukapanda pikipiki yangu. Barabara ya Ipinda unaijua msimu wa mvua. Mzee mwenye bega bovu alinishika kiuno na hakulalamika hata mara moja, ila tulipokaribia alisema karibu na sikio langu, "Kama ameshaivuta, nitamwambia nini mke wake?" Niliongeza mwendo.

Gwakisa hakuwa ameivuta. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda chake cha mianzi, bomba limebanwa kwenye jiliwa, msumari kwa nyuma, na uzi mrefu aliokuwa bado anaupima urefu. Upande wa pili wa ukuta ule wa mianzi, hatua sita hivi, mkewe alikuwa ameketi anamenya ndizi.

"Ugonile, Afande," alisalimia bila kusimama. "Umekuja kuona?"

"Nimekuja kuomba usivute."

"Ungeniomba nisile ningekuelewa." Akamtazama Mzee Anyosisye. "Umemletea askari fundi wako?"

"Nimekuletea macho," Mzee alijibu. "Angalia kwanza, halafu unitukane."

Nilitandaza karatasi tano juu ya benchi lake na kuzifungua kwa mpangilio. Gwakisa aliinama. Ni fundi, hakuhitaji kuelezwa kwamba malundo hayalingani. Lakini hakuona aibu yoyote.

"Ndiyo, ndivyo nilivyotia," alisema. "Kwenye gobore, ndege unamtilia kidogo, tumbili wastani, nguruwe unaongeza kizibo kimoja cha baruti. Nikafikiri: jambazi wa kwanza anakuja kwa kasi, nikatia nguvu mbili za mwanzo. Wa nyuma huwa wanakimbia wenyewe wakisikia mlio. Za nyuma nikapunguza. Baruti iliponiishia ile ya nne nikachanganya na ya babu."

Nakwambia ukweli, sikuweza kucheka. Alikuwa amefikiri. Alikuwa amefikiri vizuri kabisa, kama mtu wa gobore anavyopaswa kufikiri, na kila alichokijua kwa miaka yote kilikuwa kinampeleka pabaya.

"Na hii ya sita?" nikauliza.

"Hii ni ya kupimia bomba, niliijaza kabla ya zote. Nilitia ya nguruwe dume, nikashindilia."

"Fundi, gobore mtutu wake ni mnene, na ile risasi imelegea, moto una pa kupita. Ganda hili limefungwa. Ukishindilia, moto hauna mlango."

"Miaka yote magobore yangu hayajamkata mtu hata ukucha."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja mbio, nisije nikasikia leo."

Akashika kidevu. "Basi sema kiasi sahihi. Kati ya hizi tano, ipi ndiyo sawasawa? Nitazijaza upya zote zifanane na hiyo."

"Sijui."

"Wewe wa ghala la silaha hujui?"

"Sijui, na mtu yeyote hapa Kyela akikwambia anajua, muulize amesoma wapi. Kila baruti ina kipimo chake kilichopimwa kwa mitambo, kwa ganda hili na kichwa hiki. Hii yako hakuna aliyewahi kuipimia ganda hili. Mimi mwenye mizani sijui, wewe mwenye kizibo hujui. Atakayetujibu ni bomba hilo, na litaanza kumjibu mama pale nyuma ya mianzi."

Kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa kimenyamaza. Mkewe alikuwa anasikiliza muda wote. "Gwakisa," alisema kutoka upande wa pili, taratibu sana, "mimi nimekaa hapa."

Gwakisa alifungua uzi kwenye msumari, akauzungusha vidoleni mpaka ukaisha, akauweka mfukoni. Halafu akaichomoa risasi kutoka kwenye bomba kwa ncha za vidole, kitako kwanza, akanikabidhi. Niliifungia kwenye nyundo, nikatembea mpaka shambani mbali na watu, nikagonga gogo la mgomba lililokauka, kisha nikatafuta jiwe, maana gogo lilikuwa laini mno. Ilihitaji mapigo mengi. Baruti haikumwagika, ilitoka kama vidonge, imebanana. Nilirudi nayo kwenye karatasi ya sita. Gwakisa alikishika kidonge kimoja, akakivunja, akakinusa.

"Hiki kingeniua," alisema.

Mzee Anyosisye aliketi juu ya kinu. Akanigeukia mimi, si Gwakisa. "Afande, nami nikuambie. Ulinieleza kama mtu anayetamani. Ulipofika kwenye kukataza ulikuwa unafunga daftari."

Nilimwambia ni kweli. Nilimwambia vilevile kwamba maganda yale hayakupaswa kutoka mlangoni kwangu, na kwamba fundi alifanya kazi aliyopewa vifaa vyake na mimi. Siku ileile niliandika hayo kwa mkono wangu kwa mkubwa wangu, na fataki zilizobaki Gwakisa alizikabidhi mwenyewe. Karipio nililopewa limo pia kwenye jalada; hilo unaweza kulisoma, linafaa.

Mzee hakuinunua ile bastola. Alisubiri kibali cha silaha ya tisa ya kawaida, ambayo risasi zake zipo Mbeya na za mazoezi zinatosha, na ilichukua muda mrefu kuliko alivyotaka. Wakati akisubiri, yeye na wanunuzi wenzake wawili walianza kusafirisha kokoa pamoja, gari moja, siku wanazobadilisha. Hajavunjwa tena. Mama Tusekile niliandamana naye kuisalimisha bastola ili iharibiwe. Alilia kidogo kwa ajili ya ule mpini wa mbao, nami nikamsubiri.

Kwa hiyo mtu akikuletea silaha adimu na kukuuliza, mweleze yote bila haraka, lakini anza na lile linalokatazwa, ukiwa umekaa na daftari liko wazi. Muulize risasi zake zinauzwa wapi kwa leseni. Asipoweza kukutajia duka, mwambie asinunue. Na kila ganda tupu linaloingia ghalani, siku hiyohiyo chukua koleo, ulibane mdomo mpaka kuta zake zigusane, liandike, ndipo ulitupe kwenye ndoo ya chakavu.